Kabla ya kugawa mali ya marehemu: somo kwa jamaa na viongozi wa Kipushi

Mzazi akifariki bila kuacha testama, jamaa hulia pamoja siku chache, kisha maswali huanza. Parsele ni ya nani? Karatasi ziko wapi? Nani atakaa na watoto? Katika kazi yetu ya upatanishi hapa Kipushi na vijiji vya jirani, makambo ya urithi hutufikia mara kwa mara. Mengi yanaanzia palepale kwenye kilio, wakati mtu mmoja anapochukua funguo na mwingine anapoficha daftari ya nyumba.

Kwa jamaa zilizokimbia vita, jambo hili lina uzito zaidi. Mama aliyekimbia mapigano ya Mitwaba, Manono au Pweto, akajenga maisha mapya hapa pamoja na mume wake, akifukuzwa nyumbani baada ya maziko anakuwa mkimbizi mara ya pili. Mara ya kwanza alifukuzwa na watu wenye bunduki. Mara hii anafukuzwa na shemeji zake. Watoto wake huacha masomo na kukua na uchungu. Ikiwa baba na mama walitoka makabila mbalimbali, ugomvi wa nyumba moja huweza kugeuka ugomvi wa makabila katika kartie nzima. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba amani ya kijiji inaanzia kwenye urithi uliogawanywa vizuri.

Mwisho wa somo hili, msomaji ataweza:
- kueleza nani ni mrithi kwa sheria ya nchi yetu;
- kutenga mali ya mjane na mali ya marehemu kabla ya kugawa;
- kuongoza baraza la jamaa kwa hatua zenye utaratibu;
- kuandika testama yake mwenyewe.

1. Desturi mbalimbali katika mji mmoja

Kipushi ni mji wa mgodi. Tangu mgodi ulipoanza mwaka 1924, wakati wa Union Minière, na baadaye wakati wa Gécamines, watu walikuja hapa kutoka pande zote kutafuta kazi. Waliwakuta Walamba, wenyeji wa udongo huu. Walikuja Wabemba, Waluba wa Katanga, Waluba wa Kasai na wengine wengi. Walifanya kazi pamoja, wakaoana, wakazaa.

Kila watu walikuja na desturi yao. Kwa Walamba na Wabemba, ukoo hufuata upande wa mama. Kwa desturi hiyo ya zamani, mali ya mwanamume huelekea kwa ndugu zake wa tumbo moja na kwa wapwa wake, watoto wa dada yake. Kwa Waluba, ukoo hufuata upande wa baba, na ndugu za marehemu husema: «Mali ya yaya wetu ni mali ya ukoo wetu.»

Tazama sasa jamaa ambamo baba ni Mlamba na mama ni Mluba. Baba anafariki. Wapwa wake wanakuja kudai, wakiamini kwamba ni haki yao. Jamaa ya mama inashangaa, kwa sababu kwao wapwa hawarithi. Kila upande unamwita mwenzake mwizi, hali kila mmoja anafuata mafundisho ya wazee wake. Watoto waliozaliwa katika nyumba hiyo wanakaa katikati, na desturi zote mbili zinaweza kuwaacha mikono mitupu.

Tunaheshimu wazee na desturi. Desturi zilikuwa na hekima yake: aliyechukua mali alichukua pia mzigo wa kulisha mjane na yatima. Siku hizi mara nyingi mali inachukuliwa na mzigo unaachwa. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya mashefu wa kimila, mradi desturi isipingane na Katiba, sheria, utaratibu wa watu wote na mwenendo mwema. Basi, desturi na sheria zikigongana juu ya urithi, sheria ndiyo inayotangulia.

2. Sheria inasema nini

Sheria inayohusika ni Sheria ya Jamaa (Code de la famille), yaani sheria nambari 87-010 ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria nambari 16/008 ya 15 Julai 2016. Inaweka warithi katika makundi.

*Kundi la kwanza* ni watoto wa marehemu: waliozaliwa katika ndoa, waliozaliwa nje ya ndoa lakini baba aliwatambua kisheria akiwa hai, na watoto aliowachukua kisheria kuwa wake. Hawa hupata robo tatu ya urithi, na hugawana sawasawa. Sheria haitofautishi msichana na mvulana, wala mkubwa na mdogo. Kama mtoto mmoja alikufa kabla ya mzazi, watoto wake huchukua fungu lake.

*Kundi la pili* lina sehemu tatu: mume au mke aliyebaki; baba na mama wa marehemu; kaka na dada zake. Kundi hili hupata robo inayobaki. Sehemu zote tatu zikiwapo, kila moja hupata fungu moja la kumi na mbili.

*Kundi la tatu* ni wajomba, baba wadogo na wakubwa, mama wadogo na wakubwa, na mashangazi. *Kundi la nne* ni jamaa wengine. Marehemu akiwa ameacha watoto, na kundi la pili pia lipo, makundi haya hayana fungu.

Angalia vizuri: wapwa wa marehemu hawamo katika kundi la kwanza. Ndugu zake wamo katika kundi la pili, wana haki yao ndogo, lakini hawawezi kuchukua yote.

Zaidi ya fungu lake, mume au mke aliyebaki ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vilivyomo. Haki hiyo inaweza kukoma, kwa mfano akioa au akiolewa tena. Lakini hakuna shemeji mwenye ruhusa ya kumtoa nje siku ya kuondoa matanga.

3. Mfano wa hesabu

Watu wengi husikia «robo tatu kwa watoto, fungu moja la kumi na mbili kwa mjane» na kufikiri kwamba mjane amedhulumiwa. Wamesahau hatua ya kwanza. Bwana na bibi waliooana kisheria bila kuchagua utaratibu mwingine wa mali wanahesabiwa kuwa na ushirika wa mali waliyopata baada ya ndoa. Nusu ya mali hiyo ilikuwa ya mke hata kabla ya kifo. Nusu hiyo si urithi. Ni yake.

Tuchukue mfano wa kujifunza. Baba amefariki. Ameacha mke wa ndoa iliyoandikishwa, watoto watatu wa ndoa hiyo, na mtoto mmoja wa nje aliyemtambua kisheria. Wazazi wake wazee wangali hai, na ana ndugu wawili. Mali waliyoipata katika ndoa, yaani nyumba, parsele tupu na vifaa vya biashara, madeni yakiisha kulipwa, ina thamani ya dola 24,000.

- Kwanza, nusu ya mke: dola 12,000. Inatengwa.
- Urithi unaobaki ni dola 12,000.
- Watoto wanne: robo tatu, yaani dola 9,000. Kila mtoto, dola 2,250.
- Mjane: fungu moja la kumi na mbili, dola 1,000.
- Wazazi wa marehemu: dola 1,000 kwa wote wawili.
- Ndugu wa marehemu: dola 1,000, kila mmoja 500.

Jumla ni dola 24,000. Kila mmoja amepata, na mjane amebaki na dola 13,000 pamoja na haki ya kukaa katika nyumba. Tunapoandika hesabu hii ubaoni katika vikao vyetu, mara nyingi sauti hupungua. Baba mdogo aliyekuja kudai nyumba nzima anaona fungu lake. Mjane aliyeogopa kupoteza yote anaona lake. Watu hawagombani na hesabu kama wanavyogombana na maneno.

Hesabu hii haina maana ya kuuza nyumba mara moja. Jamaa inaweza kukubaliana kwamba nyumba ibaki, parsele tupu iuzwe, na mafungu ya wazazi na ndugu yalipwe kidogokidogo.

4. Wale wanaosahauliwa

*Mjane ambaye ndoa yake haikuandikishwa.* Bwana alilipa mali ya ndoa, wazee walikunywa, kanisa lilibariki, lakini hakuna aliyekwenda eta-sivili. Siku ya kifo, jamaa ya mume husema: «Huyu si mke wetu.» Ndoa ya kimila inakubaliwa na sheria, lakini inapaswa kuandikishwa ili ionekane mbele ya watu wengine. Nendeni mkaandikishe wote wawili wakiwa hai.

*Mtoto wa nje.* Mama yake anaweza kukosa haki ya mke, lakini mtoto akitambuliwa kisheria na baba ana fungu sawa na wenzake. Kumficha mtoto ni kupanda ugomvi wa kesho.

*Mimba.* Mtoto aliye tumboni baba anapofariki ana haki ya kurithi akizaliwa hai. Msifunge hesabu kabla hajazaliwa.

*Wasichana walioolewa.* Kuolewa hakumwondoi binti katika urithi wa baba yake.

*Mjane anayelazimishwa kurithiwa.* Kumwambia mama «olewa na shemeji yako au toka» si upatanishi. Sheria ya 20 Julai 2006 juu ya makosa ya kingono inaadhibu ndoa ya kulazimishwa.

5. Parsele na karatasi zake

Tangu sheria ya udongo ya 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Mwananchi hupewa haki ya kuutumia, na sertifika ya uandikishaji ndiyo hati yenye nguvu kuliko zote. Walakini jamaa nyingi hapa zina fishi ya parsele tu, au karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa kijiji. Karatasi hizo zina faida, msizitupe. Lakini kabla ya kugombania nyumba, ulizeni: marehemu alikuwa na haki gani juu yake?

Swali hili ni la lazima kwa nyumba za camp. Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Baba wengi waliendelea kukaa katika nyumba walizopewa na kampuni. Nyumba ambayo bado ni ya kampuni haimo katika urithi, hata kama watoto wote walizaliwa humo. Nyumba iliyokwisha kuuzwa kwa baba kwa maandishi imo. Mgodi umeanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Kazi ikirudi, bei ya parsele hupanda, na mali iliyosahauliwa hutafutwa tena. Ni afadhali kujua ukweli wa karatasi kabla mnunuzi hajabisha hodi.

Kwa waliokimbia kuna shida nyingine. Parsele au shamba lilibaki kule, karatasi ziliungua au zilipotea, na mzazi amefia hapa. Wengine wana kumbukumbu za mbali zaidi: mwaka 1992 na 1993, Wakasai wengi walipofukuzwa Katanga, kuna waliouza nyumba zao haraka kwa bei ndogo, na watoto wao bado wanauliza. Tunashauri hivi:
- Andikeni sasa, wazee wangali hai, mahali pa shamba, mipaka yake, majina ya majirani wa pande nne, na mwaka lilipopatikana.
- Tafuteni mashahidi wawili au watatu wa kijiji kilekile, hata kama nao wamehamia hapa.
- Ombeni nakala za hati katika ofisi zilizozitoa.
- Msikubali mtu mmoja auze kwa niaba ya wote. Mrithi anayeuza mali ya pamoja bila wenzake huacha kesi kwa mnunuzi na kwa jamaa, na mauzo hayo yanaweza kupingwa mbele ya tribunali.

6. Hatua saba za baraza la jamaa

1. *Lindeni kwanza.* Mpaka matanga yaishe, hakuna anayetoa kitu nyumbani. Mjane na watoto wanabaki walipo. Hati zinawekwa kwa mtu mmoja anayeaminiwa na pande zote, na orodha yake inasomwa mbele ya wote.

2. *Tafuteni karatasi za watu.* Hati ya kifo, hati ya ndoa, hati za kuzaliwa. Mtoto anapaswa kuandikishwa bila malipo ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Kama muda umepita, tribunali inaweza kutoa uamuzi wa kusimama mahali pa hati hiyo.

3. *Iteni baraza.* Upande wa baba, upande wa mama, mjane, na watoto waliokua. Baraza lisilo na mjane wala watoto ni mkutano wa upande mmoja.

4. *Chagueni msimamizi wa urithi.* Watu wa tribunali humwita likidatere. Pasipo testama, kazi hiyo ni ya mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wengine. Akikataa, warithi huchagua mwingine, na tribunali humthibitisha. Kumbukeni: msimamizi si mwenye mali. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu.

5. *Andikeni orodha ya mali na madeni.* Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni pia madeni ya hospitali na ya kilio, ili mjane asibaki nayo peke yake.

6. *Tengeni, kisha gawanyeni.* Nusu ya mjane kwanza, madeni yalipwe, halafu mafungu ya sheria.

7. *Tieni sahihi.* Andiko la mapatano lisomwe kwa lugha ambayo wote wanasikia. Kila mrithi atie sahihi au kidole, pamoja na mashahidi. Kubadilisha jina kwenye sertifika ya parsele kunahitaji uamuzi wa tribunali, kwa hiyo andiko hilo litasaidia.

Mkishindwa kupatana, nendeni kwenye tribunali ya amani. Sheria ya 11 Aprili 2013 imeipa uwezo wa kusikiliza makambo ya jamaa na ya urithi. Kwenda kwa hakimu si kuvunja undugu. Kinachovunja undugu ni kumfukuza yatima usiku. Hata hivyo, kesi ndefu hula mali yenyewe: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Jamaa iliyopatana mapema hubaki na nyumba na hubaki na ndugu.

7. Testama haiiti kifo

Wazazi wengi hutuambia: «Nikiandika testama, watasema najitabiria kifo.» Tunawajibu kwamba kifo huja kwa aliyeandika na kwa asiyeandika. Tofauti iko kwa wale wanaobaki. Sheria inakubali namna tatu:
- Testama mbele ya notari au ofisa wa eta-sivili. Hii ndiyo yenye usalama zaidi.
- Testama uliyoandika yote kwa mkono wako, ukaweka tarehe na sahihi.
- Testama ya mdomo, mbele ya mashahidi wawili wenye umri wa kutosha, kwa mtu aliye karibu kufa. Hii ina mipaka mingi, msiitegemee.

Testama haiwezi kuwanyima watoto robo tatu yao. Lakini inaweza kusema nani atakuwa msimamizi, karatasi ziko wapi, mtoto gani yuko mbali, deni gani halijalipwa. Ukurasa mmoja unatosha. Mweke mtu mmoja au wawili ambao wanajua mahali ulipo.

8. Neno kwa viongozi

Shefu wa kartie, shefu wa kijiji, mchungaji, imamu, mama mkubwa wa kikundi cha wajane: ninyi mnafika kwenye kilio kabla ya hakimu. Mnaweza kufanya mambo manne. Tangazeni mbele ya watu wote kwamba hakuna kitu kitakachotoka nyumbani kabla ya baraza. Kataeni kutia sahihi karatasi ya kuuza parsele ya marehemu kama mjane na watoto hawapo. Msichukue fungu la mali kama malipo ya upatanishi. Na neno la kabila likianza kusemwa, rudisheni mazungumzo kwenye orodha na hesabu: watoto ni wangapi, karatasi inasema nini, fungu la kila mmoja ni lipi.

Maswali ya mazungumzo katika kikundi

1. Katika ukoo wenu, mzee akifariki, nani huchukua mali? Nani hulisha yatima? Je, ni mtu mmoja?
2. Mama amefariki na kuacha mume, watoto wawili na dada mmoja. Wazazi wake walikwisha kufa. Kabla ya kutaja fungu la mtu yeyote, tutafanya nini kwanza?
3. Ndoa yako imeandikishwa? Watoto wako wote wana hati ya kuzaliwa? Kama hapana, utakwenda eta-sivili siku gani?
4. Mko mbali na kijiji chenu. Nani bado anakumbuka mipaka ya shamba la baba? Nani atakwenda kumwuliza wiki hii, na nani ataandika?

Tunaomba kila kikundi kisifunge mkutano kabla ya kila mzazi kutaja mtu mmoja atakayemwonyesha mahali karatasi za nyumba yake zilipo.